Jani Lenye Harufu ya Shamari

Leota Gaskill aliendesha basi la shule hadi akastaafu, akarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake, katikati ya misonobari na mchanga wa kusini mwa New Jersey. Mama alikuwa akipika chai yenye harufu tamu ya shamari, kile kiungo, kwa majani ya fimbodhahabu, yale maua ya njano yanayofunika kingo za barabara Septemba ikiingia. Leota aliitamani mno. Akachimba shina moja mtaroni, akalipanda kando ya nyanya.

Miaka miwili baadaye nyanya hazikuwepo tena. Mizizi ilikuwa imetambaa bustani nzima, na chai yenyewe ilikuwa na ladha ya nyasi kavu.

Siku moja jirani yake, mgane Harlan Estlow, alikuja ukingoni mwa bustani, pua nyekundu.

"Leota, ng'oa magugu yako. Chafya zitaniua."

"Hayana kosa. Chavua yao ni nzito, hubebwa na nyuki. Adui yako ni yule mmea wa kijani nyuma ya banda lako, asiye na ua la maana; chavua yake hupeperushwa na upepo."

Harlan akageuka kutazama. "Yule? Mbona namwagilia kila jioni?"

"Basi umemlea vizuri, bwana."

Harlan akacheka, akachuma jani la fimbodhahabu ya Leota. "Na haya ndiyo unayokunywa? Yana meno kama msumeno, na shina lina manyoya. Ya mama yako yalikuwa laini, hayana meno."

"Umejuaje?"

"Nani alikuwa akimbebea kikapu? Nilikuwa namvizia binti yake."

"Mwongo wewe. Hukusema hata neno."

"Ungenisikia wapi, ulikuwa ukiimba siku nzima."

Wakapanda pikapu ya Harlan hadi njia ya mchanga iliyokatwa kuzuia moto wa msitu, alikokuwa akichuma mama. Wakafikicha jani baada ya jani, wananusa, wanatupa. Hatimaye Leota akashika moja jembamba, akaliinua juani: limejaa vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Akalifikicha. Harufu ya shamari, ile ya chai ya mama, ikamjaa puani, naye akalinusa tena na tena. Harlan hakumharakisha.

Walichuma konzi moja tu, mashina wakayaacha.

Siku hizi kila Jumamosi wanazurura pamoja wakitafuta aina nyingine. Waliyoiona juzi ilikuwa na maua meupe, na Leota akasema nayo ni fimbodhahabu.

"Dhahabu nyeupe?" Harlan akamwambia. "Basi na mimi bado kijana."