Bi Soma-Tena

Mtaalamu wa maabara ambaye wagonjwa walimpachika jina Bi Soma-Tena hakiachii kichupa cha damu mpaka mwenye damu asome kwa sauti namba iliyobandikwa. Hukifumbata kiganjani kingali na joto, akatega sikio, kisha akasema, "Soma tena, mwanangu." Asubuhi moja dada wawili waliokuja kutolewa damu walilicheka jina hilo, ingawa mkubwa alicheka kwa meno tu. Saratani ilikuwa imemchukua mama yao, na utafiti waliojiunga nao ulitaka kujua kama jeni za kinga walizorithi zinaongeza hatari.

"Nikikutwa nazo, ndiyo basi tena?" mkubwa aliuliza huku akitolewa damu.

"Jeni si hukumu, mwanangu. Walinzi wa mwili hawalingani. Wengine huchelewa kumwona mwizi. Tukijua, tutakuangalia mapema."

Damu ilipokwisha kutolewa, dada walikuwa wamefika langoni waliposikia viatu vikikimbia nyuma yao. Bi Soma-Tena alikuja akihema, koti jeupe likipepea.

"Rudini, wanangu! Katika kuwafariji nimesahau kuwasomesha namba. Siwezi kuapa kichupa kipi ni cha nani, kwa hiyo vyote nimevitupa. Kosa ni langu."

"Sindano tena, mama?" mdogo alilalamika. "Si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Mimi."

Mkubwa alikuwa ameshakunja mkono wa blauzi. Safari hii alisoma namba yake kifua mbele, kama anayetaja ukoo wake, na hakungoja kuambiwa. Alisoma tena.