Mvua ya Mawe Chini ya Naguru

Baada ya kutolewa katika vyumba vyetu vya Old Kampala, tuliishi ndani ya gari. Tulikuwa watatu: baba, mama, na mimi binti yao wa pekee. Nilikuwa nimekwisha kuacha shule na nilishona nguo za watu. Baba alikuwa fundi wa magari. Alitoka upande wa Kakamega, Kenya, akiwa kijana, akafuata kazi Kampala, kisha akarudi nyumbani kumwoa mama na kumleta. Tajiri wake alikuwa Mhindi mwenye gereji. Wahindi walipofukuzwa, tajiri huyo alimwachia lori bovu lililokuwa likisambaza mikate. Haukupita muda mrefu, mwanajeshi mmoja akapewa nyumba nzima tuliyokuwa tumepanga, nasi tukaambiwa tutoke kabla ya jioni.

Basi baba akaligeuza lori kuwa nyumba. Alikata dirisha moja kila ubavu akatia vioo, akapigilia kitanda cha mbao upande mmoja na benchi upande wa pili, na jiko la mafuta ya taa akalifunga kwa nati ili lisiruke barabarani. Mama akashona mapazia ya maua. Mchungaji wa Makindye alituruhusu kuegesha uani kwa kanisa, na hapo ndipo palipokuwa kwetu. Lakini kazi za baba zilikuwa mbali, kwenye vinu vya kahawa vya Mityana na Masaka, na alipoitwa tulikwenda naye sote, vyungu vikigongana. Mama alikaa kwenye benchi karibu na dirisha akitazama vilima vikipita. Naamini katika miaka ile yote hiyo ndiyo raha pekee aliyoipata.

Mvua tulizizoea. Siku moja njia ya Mityana mvua ya mawe ilitukuta tumeegesha chini ya mti mkubwa, na tawi likaanguka hatua chache kutoka kwenye boneti. Toka siku hiyo baba alikuwa na utaratibu wake. Wingu likianza kuwa la kijani kwa chini, alitafuta mahali pa wazi, mbali na miti na mitaro. Aligeuza gari mgongo wake uelekee upepo, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa chuma kitupu. Mimi nilitoa mkeka na blanketi tukafunika kioo cha mbele, na mama alisimamisha godoro langu la sakafuni kwenye dirisha. Kisha tuliketi chini sakafuni tukingoja. Kelele ndiyo iliyokuwa mbaya. Juu yetu palikuwa na bati tu. Baba alikuwa akitafuta mbao laini za kupiga dari, lakini siku hizo madukani hamkuwa na sabuni, sembuse mbao.

Mama alianza kuvimba miguu, kisha pumzi ikawa fupi. Daktari alimwita baba pembeni akamwambia moyo umechoka, hakuna dawa, na kama anataka kufika kwao afikishwe mapema. Mama hakuambiwa, ila alijua. Asubuhi moja alimwambia baba, "Mzee, nipeleke kwa dada yangu. Sitaki kulazwa katika udongo wa watu."

Kupata petroli ilikuwa kazi ya majuma. Baba alitengeneza gari la huyu akalipwa chupa kadhaa, la yule akalipwa kidogo, mpaka tangi likapata ya kuanzia na mtungi mmoja ukajaa. Mtungi tuliuficha chini ya kitanda. Tuliondoka Makindye baada ya chakula cha mchana, mama akiwa amelala, mimi nimekaa karibu naye namshika bega kila gari liliporuka. Jirani yetu Mkongo, mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wakavu, alisimama kando ya njia akatuombea kwa sauti mpaka tukapinda kona.

Tulikuwa tumepita mjini na kushika barabara ya Jinja, kilima cha Naguru kikiwa kushoto kwetu, wingu lilipotufunga. Baba alipata uwanja wazi kando ya barabara akageuza gari. Punje za kwanza zilianguka moja moja kama mtu anayetupa kokoto, kisha mawe yote yakashuka pamoja. Mama hakuweza kuinuka, kwa hiyo baba mwenyewe aliliegemeza godoro dirishani akalizuia kwa mgongo. Dirisha la pili halikuwa na mtu. Lilipasuka, na mawe ya barafu makubwa kama mayai ya kuku yakaingia yakiviringika sakafuni.

Ndipo mlango wa nyuma ukagongwa kwa kitu kizito.

"Fungua! Fungua mulango!"

Baba alinitazama. Nikafungua. Alikuwa mwanajeshi, kijana, bunduki mkononi, kofia hana, damu ikimtoka kichwani mpaka shingoni. Kizuizi chao kilikuwa mbele kidogo na hawakuwa na paa. Aliingia akaketi sakafuni, akatetemeka. Alipoona dirisha lililovunjika alisimama, akavua koti lake zito akalibana pale kwa mgongo, bunduki akaiacha imelala karibu na miguu ya mama. Hakuniomba ruhusa. Kwa muda wote ule wanaume hao wawili walisimama wamepeana uso, kila mmoja akizuia dirisha lake.

Mama akafungua macho. Alinitafuta, akanishika mkono, na midomo yake ikaanza kusema.

Sikusikia kitu. Bati lilikuwa likinguruma kana kwamba lori lingine linapita juu yetu. Niliinama nikaweka sikio langu mdomoni mwake. Nilisikia joto la pumzi yake, nikahisi midomo ikigusa ngozi yangu, lakini neno halikufika.

"Anasema nini?" baba alipiga kelele.

"Sisikii, Baba!"

"Mwambie aseme tena!"

"Mama, sema tena! Mama!"

Alisema tena. Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto, akinitazama usoni ili nielewe. Kisha akaacha kusema, akaendelea tu kunitazama. Sikujua kwamba hanioni mpaka baba alipoliachia godoro akapiga magoti, akamgusa shingo, akabaki na mkono wake hapo.

Mvua ilipopungua tuliweza kusikiana. Uwanja mzima ulikuwa mweupe. Yule mwanajeshi alivaa koti lake lililoloa. Alimtazama mama, akainama akachukua bunduki yake taratibu ili isiguse kitanda.

"Mzee," alisema, "nyinyi nakwenda wapi?"

"Kenya. Kumpeleka kwao."

"Hapana kwenda. Mbele iko vizuizi mingi. Wataona maiti, wataona Mukenya, watasema wewe naua yeye. Rudi. Zika hapa."

"Alitaka kwao," baba akasema.

"Mimi nasikia. Lakini rudi."

Akasimama kidogo mlangoni. Kisha akainama tena akatazama chini ya kitanda, akauvuta mtungi wa petroli. "Kama hapana kwenda, hii ya nini?" Alisema bila ukali, karibu kwa haya. Akashuka nao, akakanyaga barafu mpaka akafika kwa wenzake. Baba hakumzuia. Mwaka ule hakuna aliyemzuia mwanajeshi.

Nimefikiri sana juu ya kijana yule. Pengine alituokoa, kwa maana tulikuja kusikia mambo yaliyowapata watu kwenye njia ile. Pengine alituona tuna petroli, basi. Pengine ni yote mawili, na yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuyatenganisha.

Tulirudi Makindye mchana ule ule. Kila mgomba tulioupita ulikuwa umechanwa majani yakawa nyuzi. Mchungaji alitupa mahali nyuma ya kanisa, na vijana wa kwaya wakachimba kwenye tope. Yule jirani Mkongo na wenzake walimwosha mama, wakamvalisha, wakaimba kwa lugha yao, nasi tuliitikia pale tulipojua. Baba alishika kofia yake mikononi tangu mwanzo hadi mwisho. Hakulia. Mimi nililia kwa ajili yetu wote wawili, kisha nikaona aibu, kwa sababu wale mama walikuwa wamezika wengi zaidi yangu na bado waliniletea uji.

Tulikaa miezi kadhaa tukingoja njia ya Kenya itulie. Baba aliacha kwenda vinuni. Jioni moja alinikalisha kwenye benchi akaniomba kitu.

"Nionyeshe midomo yake ilivyokwenda."

"Baba, sikumbuki vizuri."

"Nionyeshe unavyokumbuka."

Nikafanya. Nilifumba midomo, nikaifungua, nikaivuta kidogo, kama alivyofanya mama mara ya pili. Baba alinitazama kwa makini kabisa, uso wake karibu na wangu, jinsi alivyokuwa akisikiliza injini. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Halafu akasema, "Basi, mwanangu," akatoka nje.

Wakenya walipozidi kuandamwa, tuliondoka kwa basi na vifurushi viwili. Gari tuliliacha uani kwa kanisa. Sijui liliishia wapi. Nyumbani, dada yake mama, mama yangu mkubwa, alitupokea kwa kilio. Alipotulia aliuliza swali nililokuwa nikiliogopa njia nzima: marehemu aliaga vipi, alituachia neno gani?

Nilifungua kinywa, lakini baba akawahi.

"Alisema mpendane," akasema. "Na alikutaja wewe kwa jina."

Mama mkubwa alilia tena, kilio kingine, chepesi zaidi. Sikumsahihisha baba, wakati ule wala baadaye. Labda ndivyo mama alivyosema.

Kwa kuwa mwili ulikuwa mbali, wazee wa ukoo walikata mgomba, wakaufunga shuka kama maiti, wakauzika mahali ambapo mama angelazwa. Watu walikuwa wengi, wakaimba vizuri. Baba hakukaribia shimo. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi juu ya gogo, akanieleza kwa upole kwamba yeye alikwisha kumzika mke wake, hawezi kumzika mara mbili. Nilimletea chai. Aliinywa yote, akanirudishia kikombe, akauliza kama wageni wamekula.