Houssein wa Yoba na Kaburi Lisilo na Alama

Houssein hufunga vihisi kwenye mashine za kusaga mahindi. Msumari ukipita karibu na kihisi, uga wa sumaku unavurugika na mashine inazima kabla haijavunjika. Ana miaka hamsini na moja, anaishi Yoba, mjini Gitega, na ufundi huo aliupata kwa kufungua mashine mbovu.

Julai iliyopita alifuatwa na Dorotea, mkulima wa Gashoho, Muyinga, aliyekulia Tanzania. Baba yake aliuawa katika mauaji ya mwaka 1993. Mama alimzika haraka shambani bila msalaba, akamwekea jembe lake kifuani, akakimbia na watoto. Mama naye amekwisha kufariki. Shamba sasa ni la Kastori, aliyekwisha kufunga kamba za msingi wa nyumba. Angeanza kuchimba Jumatatu.

“Mi sitafuti marehemu, mama,” Houssein alimwambia. “Natafuta chuma.”

“Nami naomba hicho chuma tu.”

Houssein alizungusha waya wa shaba kwenye ukingo wa beseni la plastiki, akapata kihisi kipana kinachofika shubiri mbili ardhini.

Jumamosi, shambani, kifaa kililia karibu kila hatua. Mara mbili Dorotea alipiga magoti, mara mbili udongo ulikuwa mtupu. Mara ya tatu Houssein aligeuka nyuma.

“We Kastori, jembe yako iko wapi?”

“Iko kwa bega.”

“Ndiyo inalia! We ndiye marehemu?”

Watu walicheka, isipokuwa Dorotea. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na jembe lake. Huko hakuna aendaye shambani mikono mitupu. Majembe yakapelekwa barabarani.

Kwa saa nzima kifaa hakikulia. Houssein akasema huenda chuma kiko chini zaidi. Kastori akafuata jembe lake, akaondoa tabaka moja la udongo ndani ya kamba, akarudisha jembe barabarani. Kifaa kilipopita tena, kililia pale kamba zilipoonyesha kona ya sebule, na hakikunyamaza.

“Ni yeye?” Dorotea aliuliza.

“Ni chuma, mama. Zaidi ya hapo haisemi.”

Dorotea alichimba kwa vidole hadi akagusa ukingo ulioliwa na kutu, kisha tundu la mpini. Aliishia hapo. Akarudisha udongo kwa viganja, taratibu.

Kastori aling’oa vigingi vinne vya kamba za msingi, akavihamisha hatua kumi na mbili kuelekea barabarani. Houssein alimshikia kamba.