Pasipoti Haitoki Mkononi

Nilifika Moscow nikisukuma kiti cha magurudumu cha bibi mmoja Mzungu wa Kensington, mtaa wa wenye pesa kule ng'ambo ninakoishi. Mimi mlezi wake. Nyuma yetu alikuja mwanawe, analalamikia kila kitu isipokuwa nafsi yake. Bibi alitaka kusafiri mtoni kwa meli kabla hajafa, alisema hivyohivyo, huku anacheka. Mwana hakutaka kumwogesha mama yake, ndiyo maana nikaitwa mimi kutoka St Marys, mtaa wetu wa pembeni ya mji huohuo.

Kwenye kaunta ya meli msichana wa Kirusi, nywele zimebanwa mpaka nyusi zimepanda, alikuwa anakusanya pasipoti. Zibaki hapa, akasema, polisi waandikishe wageni, kesho mtarudishiwa. Wazungu wakazitoa kama wanatupa maganda ya ndizi.

Mimi nikasema hapana.

Sikilizeni. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania kulikuwa na karani, mfupi, kalamu zimejaa mfukoni na hakuna inayoandika. Alichukua karatasi ya familia yetu ya kuhamia ng'ambo, ati akaipige muhuri, njooni kesho. Kesho akasema hajawahi kutuona. Familia nyingine ikapanda ndege kwa karatasi yetu, mama yangu akafia palepale anasubiri. Mwizi ni yule karani. Akisoma hapa atajijua. Tangu siku hiyo mimi karatasi sitoi. Hata kwa daktari kadi naionyesha nimeishika upande mmoja.

"Mpe basi, unatuaibisha," mwana akasema.

"Aibu? Wewe unaogopa hata kumkata mama yako kucha."

Bibi akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza.

Nikampigia simu dada yangu kule nyumbani, mtaa wa Auburn. "Wewe!" akapiga kelele. "Ukiitoa, usije kwangu kulia! Hao na yule karani ni ndugu, wametofautiana rangi tu!"

Msichana naye hakulegea: asiyeandikishwa haruhusiwi kulala melini.

"Basi ashuke," mwana akasema.

"Akishuka nashuka," bibi akamjibu. "Utanivusha mto wewe?"

Nikaona bibi atakosa safari yake kwa ajili yangu, na hilo sikulitaka. Nikaitoa pasipoti, lakini nikavuta kiti kingine, nikakaa mbele ya kaunta. Nikamwambia msichana: iwe hapa juu, mbele ya macho yangu, na huyo polisi aje aiandikishe hapahapa. Akapandisha mabega, akailaza kati yetu kama mtoto anayegombaniwa.

Kesho yake, mimi bado nipo kitini palepale kaunta, abiria wote walipanda mabasi kwenda kuuona mji. Mwana alikuwa wa kwanza. Bibi akagoma.

"Makanisa nimeona ya kutosha, binti," akaniambia. Ananiita binti na mvi zangu hizi. "Nataka kuona kama watairudisha."

Tukakaa, tunachovya biskuti kwenye chai. Ofisa alipokuja hakumtazama mtu, akaandika, akagonga muhuri, akaenda zake. Msichana akanipa pasipoti mkononi. Nikafungua ukurasa kwa ukurasa, na yeye kasimama ananingoja. Picha ni mimi. Jina ni langu. Akasema neno la Kirusi, nami sikuona haja ya kuuliza maana.

Mabasi yakarudi, meli ikang'oa nanga. Siku hizi watu wa kanisani wakiniuliza Moscow ikoje, nawaambia ina kaunta ya mbao, imepigwa polishi vizuri sana. Wanadhani nawatania.