Mmoja Kisu, Mmoja Bandeji

Kidonda cha mama yangu kilianza kwa jembe. Alijikata muundi akipalilia mtama, kikapona juujuu, kikafumuka tena, na miaka ikapita hivyo. Niliporudi kutoka machimbo ya dhahabu upande wa Geita nilikikuta kimebadilika. Kingo zilikuwa zimevimba na kuwa ngumu, katikati pameota nyama kama uyoga, na harufu yake nilikutana nayo mlangoni.

Wakati huo zilienea habari kwamba Shinyanga amekuja daktari Mzungu anayetafuta watu wenye vidonda vya namna hiyo. Aliviita saratani, na alisema anatafuta njia bora ya kuitibu. Tukambeba mama kwa machela.

Wagonjwa walikuwa wamekaa mavumbini kwa mstari mmoja, miguu wameinyoosha. Mfunga vidonda, mtu wa mjini mwenye kofia ya viua, alipita akiwapanga. Mzee aliyekuwa mbele ya mama aligeuka, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mguu wako unanuka kuliko wangu."

"Wangu una nyama," mama akamjibu. "Wako mfupa mtupu, hata nzi wameususa."

Watu wakacheka. Ndipo akafika mume wa dada yangu. Alikuwa mchimbaji wa Nyarugusu, sululu ilimkata mguu, na kidonda chake nacho kilikuwa kimeharibika. Mfunga vidonda akamkalisha nyuma ya mama, karibu wagusane.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja wala hawasemezani, seuze kuonana mapaja. Mama alivuta kaniki yake mpaka usoni, akajiburuta kutoka pale, akaenda kukaa nyuma ya wanawake wawili waliomfuata mkwe. Mkwe, macho chini, akasogea kwenye nafasi iliyobaki wazi.

"Haya, kaa huko," mfunga vidonda akamwambia mama, "ila usihame tena."

Daktari alipoanza kazi, mkwe aliingizwa chumba cha kukatia, kidonda kikaondolewa kwa kisu. Mwanamke wa kwanza akapelekwa barazani, akaoshwa kidonda na kufungwa bandeji. Wa pili akaingizwa chumbani. Mama akapelekwa barazani. Alifurahi sana. Njia nzima ya kurudi aliwaambia wabebaji kwamba kidonda chake si kibaya kama cha wenzake, ndiyo maana ameepuka kisu.

Tulirudi kila tulipoitwa, na kila mara alipewa bandeji. Mimi nina tabia ya kuangalia mambo. Niliona wagonjwa wenye vidonda vidogo wamekatwa, na wenye vidonda vikubwa kuliko cha mkwe bado wanaoshwa tu. Nikamuuliza mfunga vidonda.

"Hukujua?" akasema. "Mmoja kisu, mmoja bandeji, kwa jinsi mlivyokaa. Mwishoni Bwana Daktari ataangalia kina nani wamepona."

"Nani aliambiwa hivyo?"

"Wangeambiwa, nani angekaa kwenye bandeji?"

Alisema bila ubaya, huku akikunja vitambaa. Nilikwenda moja kwa moja kwa daktari. Alinisikiliza vizuri, hakunifukuza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Nikimkata kila mtu," akasema, "nitajuaje kwamba kisu ndicho kilichoponya?"

"Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kisu. Alihama kwa heshima ya mkwe wake."

"Ndiyo maana nilitumia mstari. Ili mimi nisichague nani akatwe."

"Hata sisi hatukuchagua. Ungetuambia, tungechagua. Mkate leo."

"Nikimhamisha yeye, wote watataka kuhama."

"Basi na wahame."

Akatoka barazani, akainama kumpima mama. Alibonyeza kinena chake, upande mmoja, akabonyeza tena. Mitoki ilikuwa imevimba, migumu kama kokwa. Akanawa mikono.

"Saratani imeshapanda," akasema. "Sasa kisu hakitasaidia."

Mama akaniuliza daktari amesemaje. Kabla sijajibu alikuwa tayari anamnyooshea mfunga vidonda mguu.

Siku hizi mwenye kidonda cha aina ile anakatwa mapema, hangoji kioze. Nimeambiwa na watu wa hospitali kwamba hayo yalijulikana kwa sababu ya mistari kama ule wa Shinyanga, na kwamba wengi wamepona. Naamini. Kulinganisha dawa na dawa naona ni jambo la akili. Lakini mtu anayewekwa kwenye mizani ana haki ya kujua kwamba yuko kwenye mizani. Mama yangu alikufa akidhani ameepuka kisu, na hasira yangu kwa jambo hilo haijapungua hata leo.

Siku ya mazishi mkwe alikuja kwa miguu yake, akitembelea fimbo. Alisimama mbali na watu, ng'ambo ya ua wa minyaa, kama ilivyompasa. Nikamfuata.

"Shemeji," akasema, "nasikia pale nilipokaa palikuwa pake."

"Palikuwa pake."

"Kwa nini hakuniambia nihame mimi?"

"Angekuambiaje? Wewe ni mkwe wake."

Akautazama mguu wake, kovu safi likiwa linang'aa juani. Akashusha nguo na kulifunika, akabaki amesimama pale pale mpaka kaburi lilipofukiwa.