Mama mkwe alivyokutana uso kwa uso na ukuta wangu wa mikoba

Wakuu, habari za muda huu. Leo sileti siasa wala mpira, naleta mikoba. Yamenitokea mwenyewe hapa Newala, sijaongeza chumvi, na mume wangu akipita humu atakuwa shahidi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wengine wanapenda simu, wengine vitenge. Mimi ni mikoba tu. Ya begani, ya mkononi, ya ngozi, ya ukindu. Mingi ni mtumba, naipata Masasi siku ya kufungua belo. Ukiwahi unachagua kabla haijapekuliwa.

Mume wangu, Baba Zuhura, ni mkulima wa korosho, kwao Mkunya. Tulipohamia nyumba yetu alichukua ubao, akapiga misumari kwa mstari, akaupachika ukutani chumbani.

Akasema, "Mama Zuhura, eneo lako la utawala ni hili. Misumari ikijaa, ukileta mmoja unatoa mmoja. Mimi siongezi msumari."

Nikacheka, nikakubali. Msiione sheria ndogo hiyo. Mara ngapi nimeshika mkoba sokoni, nikafikiria nani atashuka ukutani, nikaurudisha mwenyewe bila kuambiwa na mtu!

Sasa Newala yetu na ukungu wake mnaijua. Masika ngozi inaota kuvu. Kwa hiyo jua likitoka naitoa mikoba yote nje, naifuta, naijaza magazeti isibonyee, naianika kwenye kamba. Kazi hiyo naipenda kuliko hata kuibeba.

Kumbe watu wanatazama.

Habari ikatembea mpaka Mkunya kwamba korosho za Salumu zinaishia kwenye kamba ya mkewe. Salumu ndiye Baba Zuhura. Neno likamfikia mama yake.

Hakuniuliza kitu. Ila nikimpigia simu, majibu yakawa ya mkato. Marahaba. Hatujambo. Haya. Simu imekatwa.

Iliniuma, wakuu. Yule mama nampenda. Na mikoba yangu nainunua kwa kibubu cha vitumbua ninavyouza asubuhi kabla ya kwenda kazini. Korosho za mtu sijagusa. Lakini utaanzaje kujitetea kwa jambo ambalo hujaulizwa?

Basi, mwaka huu mama mkwe akapata mtoto wa jicho. Akafanyiwa oparesheni, na ikabidi apumzike kwetu. Chumba kisicho na vumbi wala moshi ni kimoja tu, chetu sisi. Chenye ubao.

Nikachukua viroba ili niifiche mikoba. Baba Zuhura akanizuia mlangoni.

"Unaficha nini? Umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi iache ikae."

Mama akaja, jicho limefunikwa pamba. Siku za mwanzo hakuona vizuri, nami nikashukuru Mungu kimyakimya. Ikafika siku ya kutoa ile pamba. Tuliporudi kutoka hospitali nikaenda kumletea uji. Nikamkuta amesimama mbele ya ubao, uso ameusogeza kabisa.

"Mama Zuhura, hebu njoo."

Nikajua leo ndiyo leo.

Akashusha mwekundu. "Huu umekwenda nao wapi?"

"Harusi ya mdogo wangu, Lupaso."

"Na huu mweusi?"

"Huo, Mama, ni siku tuliyomzika Baba."

Akaushika kwa mikono miwili. "Nakumbuka. Ulinitolea kitambaa humu nikafuta machozi."

Kisha akaurudisha taratibu kwenye msumari wake, akashusha mwingine.

"Huu je?"

"Huo bado haujatoka."

"Na huu?"

"Bado, Mama."

"Na huyu naye?"

"Bado."

Akaanza kucheka, mkono kwenye jicho. "Maskini, umewafunga! Daktari kanikataza kucheka, wewe unaniua."

Akautundika mmoja begani, akajitazama kwenye kioo, akageuka upande. Akaniambia kwamba usichanani alipenda sana pochi. Alinunuliwa moja tu maishani, ikaliwa na panya, na watoto walipoanza kuja hakupata nyingine.

Halafu akauliza bila kuniangalia. "Waliniambia unamaliza korosho za mwanangu. Kweli?"

"Hapana, Mama. Ni vitumbua."

"Mikoba yote hii kwa vitumbua?"

"Mmoja mmoja, Mama. Kwa miaka."

Akatikisa kichwa. "Basi nitawajibu mimi."

Siku ya kuondoka nikamwambia achague mmoja. Nilitegemea atachukua kati ya wale wafungwa. Akachukua wa kahawia, ninaokwenda nao kazini kila siku. Nikatoa vitabu vyangu na kalamu, nikampa. Njia nzima mpaka Mkunya aliupakata kama mtoto.

Sasa msumari mmoja ukawa wazi. Kibubu nacho kilikuwa kimeshiba. Nikashuka Masasi, kwenye duka lenye mkoba wa ngozi mpya niliokuwa naumezea mate muda mrefu.

"Dada, huu umebaki peke yake," muuzaji akasema.

Nikauvaa begani. Mzuri, sitawadanganya. Nikajiuliza nitakwenda nao wapi. Nikatafuta jibu, sikulipata. Nikawakumbuka wale wa nyumbani ambao hata jua la barabarani hawajaliona. Nikauvua. Muuzaji akasonya. Nilirudi Newala nimenuna, na kesho yake nikaenda kazini na mmojawapo wa wale wafungwa. Walimu wenzangu wakauliza nimenunua lini!

Haikupita muda, simu ikaita. Mama mkwe.

"Mama Zuhura, kuna harusi Lisekese. Nina gauni la kijani. Ule wa ukindu wenye ua una kazi wiki hii?"

Nikaupakia kwenye bodaboda siku hiyohiyo. Baadaye nikatumiwa picha. Mama amesimama wima, mkoba ameushika mbele kwa mikono miwili, anatabasamu kuliko bibi harusi. Nikamwonyesha Baba Zuhura.

Akaiangalia weee, akasema, "Kumbe sasa mko wawili. Nimekwisha."

Nilichojifunza ni hiki: kupenda vitu si dhambi, ila viwe na mpaka unaouona kwa macho, na vitoke nje vikaishi. Mkoba uliovaliwa na watu wawili nimeufurahia mara mbili, na hela yangu ipo.

Nyie wenzangu wa viatu, saa na vitenge, mnajizuia vipi? Shusheni maoni. Ila lugha iwe ya adabu, jioni namsomea mama mkwe kwa simu, na yeye kujibu anajua.