Niliona Spana Ikiinuliwa

Rafiki yangu alikuwa Mganda, askari aliyeacha jeshi kabla hajafikisha miaka arobaini, na kwa zaidi ya miaka miwili alilala kitanda cha chini, mimi cha juu, katika chumba cha wafanyakazi Al Qusais, Dubai. Tulikuwa walinzi. Kila asubuhi basi la kampuni lilitushusha Al Mankhool kwenye jengo moja la kupangisha. Yeye alisimama kwenye lango la maegesho, mimi nilikaa mapokezi nyuma ya kioo. Nimejaribu mara nyingi kuandika habari zake, na kila mara nilijikuta naandika jinsi ya kujitetea mwenyewe.

Kwao alikuwa amelinda benki akiwa na bunduki. Dubai alipewa tochi, redio na kofia. Siku ya mafunzo, mwalimu alitueleza kwamba sheria inamruhusu mtu kujitetea, lakini kwa kadiri ya hatari iliyopo, na hatari ikipita mkono wako nao usimame. Kisha akaongeza: "Lakini ninyi msimguse mtu. Piteni pembeni, pigeni simu polisi."

Rafiki yangu akainua mkono. "Na kabla polisi hawajafika, mimi nifanye nini?"

Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo mada yake. Baada ya zamu aliketi kitandani na simu, akilinganisha nchi kama mzazi anayemtafutia mtoto shule. Iraki walinzi walipewa bunduki, na mawakala walikuwa wanawatafuta watu waliopitia jeshini. Alikuwa pia na binamu Amerika, ambaye alimweleza kwamba kule kila jimbo lina sheria yake: kwingine mtu akikuvamia unatakiwa kukimbia kwanza kama unaweza, kwingine unaruhusiwa kusimama papo hapo ulipo, na bunduki unainunua dukani. Binamu huyo alikuwa amehama jimbo kwa sababu hiyo tu.

"Huyo ana akili," alisema. "Alichagua sheria kwanza, nyumba akatafuta baadaye."

Nilimpinga kila mara. Mimi niliwahi kulazwa sakafuni katika duka moja Nakuru, mtutu umenigusa kisogoni, nikisikia mwenye duka akilia. Nilikuja Dubai kwa sababu hapa bunduki hazionekani mikononi mwa watu. Wakala wa Iraki alipompigia simu na kumwambia nafasi ipo, nilikaa naye Ijumaa nzima nikimsihi. Nilichukua picha ya binti yake ukutani nikamwekea mapajani. "Baki," nilimwambia. "Hapa hakuna atakayekufanya kitu." Akabaki.

Miezi michache baadaye, yapata saa nne asubuhi, mpangaji mmoja alikuta karatasi ya onyo kwenye kioo cha gari lake. Alikuwa ameegesha mahali palipoachwa wazi kwa magari ya zimamoto, na rafiki yangu aliibandika kama alivyoagizwa. Mtu yule alianza kumfokea. Kisha akafungua buti, akatoa spana ya magurudumu, akamwendea.

Mimi nilikuwa nimesimama mapokezi na glasi ya chai mkononi. Niliona spana ikiinuliwa juu ya kichwa cha rafiki yangu. Nilimwona akiudaka ule mkono, akiuzungusha, akimsukuma mtu yule mbali naye. Mpangaji aliangukia ukingo wa njia, mkono ukavunjika. Rafiki yangu hakumfuata. Alirudi nyuma hatua mbili, akainua viganja vyake viwili wazi. Alifanya sawasawa na sheria tuliyoelezwa. Mke wa mpangaji alikuja mbio, na kabla ya kumwinua mumewe aliiokota spana akairudisha kwenye buti. Hilo nalo nililiona.

Kamera ya upande ule ilizibwa na nguzo. Msimamizi wetu alipofika alinivuta kando.

"Uliona?"

"Niliona."

"Sikiliza. Huyu mpangaji ni rafiki wa mwenye jengo. Ukiandika uliona, mtaondoka wote wawili. Ukiandika hukuona, anaondoka mmoja. Yalla, haya, andika."

Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi huo. Niliandika hivi: nilisikia kelele, nikatoka nje, nikamkuta mpangaji amelala chini. Hakuna neno la uongo humo ndani. Niliyasoma maelezo yangu mara mbili kuhakikisha.

Polisi walituita mchana. Ofisa alikuwa mpole, na mkalimani akatuuliza taratibu: "Kuna aliyeona hicho chuma kikiinuliwa? Kama yupo, jambo hili lina sura nyingine. Mtu ana haki ya kujitetea."

Rafiki yangu akanigeukia. Mimi nikatazama mtungi wa maji uliokuwa pembeni.

"Nilikuwa ndani," nilisema.

Kwa hiyo sheria aliyokuwa akiitafuta nchi za mbali ilikuwa hapo mezani, ikingoja sentensi moja tu kutoka kwangu. Mpangaji aliondoa mashtaka kwa sharti kwamba mlinzi yule aondolewe, na kampuni ikamfutia viza. Siku ya kufungasha alikunja sare zake vizuri kama zitavaliwa kesho. Aliniuliza mara moja tu.

"Ndugu, ukiwa pale mapokezi, mtu anaona lango?"

"Jua lilikuwa linapiga kioo."

Alitikisa kichwa polepole. "Khalas, yamekwisha," alisema, akafunga zipu ya begi.

Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Iraki. Alinitumia picha: fulana ya kuzuia risasi, bunduki kifuani, uso umekonda. Nilikuwa nikiamka natafuta habari za milipuko kwenye simu kabla sijapiga mswaki. Hakufa. Alimaliza mikataba miwili akarudi kwao kufuga ng'ombe.

Mimi nilipanda cheo, nikawa msimamizi. Ilinichukua miaka mitatu kumpigia simu kuhusu jambo lile. Nilimpigia saa ya chakula, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za dharura.

"Niliona yote," nilimwambia. "Spana, mkewe, yote."

"Najua. Nilikuona. Ulikuwa umeshika chai."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia polisi kwamba niliona.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Kisha, bila mimi kumuuliza, akanisimulia ya Iraki. Asubuhi moja gari dogo lilikuja kwenye lango lao na halikusimama. Aliashiria, akapiga kelele, halikusimama. Akapiga risasi. Dereva aliyekufa alikuwa mzee aliyebeba nyanya, na breki zake zilikuwa zimekatika.

"Wenzangu wote waliandika maelezo," alisema. "Mazuri sana. Waliandika kwamba waliona hatari, kwamba nilijitetea. Hakuna aliyenigusa. Lakini ndugu, mimi nilikuwa nimeuona uso wake kabla sijapiga. Alikuwa anaogopa."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mtu akimwita. Akasema lazima aende.

Sikumwomba msamaha siku ile. Niliona aibu kumbebesha na hilo pia. Nilimwomba baada ya wiki mbili, akasema amekwisha kunisamehe zamani, na namwamini. Tunaongea hadi leo, habari za mvua na za binti yake aliyeingia chuo cha uuguzi. Anacheka kama alivyokuwa akicheka Al Qusais.

Kwa yule mzee wa nyanya sina namba ya kupiga.